Mfumo wa taa wa kidijitali kwenye jengo la biashara Mtwara: uweke wapi, uache wapi

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia jengo la familia yetu hapa Mtwara mjini. Chini kuna maduka sita, ghorofa ya kwanza ni ofisi za kupangisha, ya pili ni ukumbi wa semina na harusi. Plasta imekwisha, paipu za umeme zimeshapita, dari ya jipsamu bado. Mkandarasi wa umeme kutoka Dar ameniletea bei mbili: moja ya swichi za kawaida, nyingine ya mfumo wa kidijitali anaouita DALI, ambayo inazidi ya kwanza zaidi ya mara mbili. Anasema bili ya umeme itashuka kwa asilimia 70. Fundi wangu wa siku zote anasema niachane nayo, kwamba taa moja ikifa jengo zima linaingia giza, na tutakaa wiki nzima tukimsubiri mtu wa Dar. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, wote wawili wamekuambia nusu ya ukweli, na kila mmoja amechagua nusu inayompa yeye kazi. Ushauri wangu ni huu: ukumbi uwekewe DALI kamili, ofisi zipitishiwe nyaya zake sasa hivi lakini vifaa visubiri mpangaji, korido ziwekewe sensa za kujitegemea (vihisio vinavyowasha taa mtu akipita na kuzima akiondoka), na maduka ya chini yabaki na swichi za kawaida kabisa. Nieleze sababu, kwa sababu mkandarasi atakubishia na utahitaji la kumjibu.

Kwenye taa tulizozizoea, swichi inakata umeme wenyewe. Ukibonyeza, laivu inafika kwenye taa, ukizima, haifiki. Kwenye DALI umeme unakuwepo kwenye taa muda wote, na pembeni zinapita nyaya mbili za ziada ambazo kazi yake ni kubeba amri tu. Kile kiboksi kinachokaa juu ya paneli ya LED, yaani draiva, ndicho kinachosikiliza amri hizo. Kila draiva inapewa anwani yake, kuanzia 0 hadi 63, kwa hiyo laini moja inabeba draiva 64, na zikizidi hapo unaanzisha laini ya pili. Taa hizo unaweza kuzipanga katika makundi 16 na kuziwekea mipangilio 16 ya mwanga inayokumbukwa ndani ya draiva zenyewe. Swichi ya ukutani haikati chochote. Inatuma ujumbe: kundi la tatu, shuka hadi kiasi fulani.

Mawasiliano hayo ni ya polepole mno, biti 1,200 kwa sekunde, na upole huo ndio unaoupa mfumo ustahimilivu wake. Hauhitaji waya maalumu. Nyaya mbili za milimita 1.5 zinaweza kupita paipu moja na za umeme, hazijali ipi chanya ipi hasi, zinagawanyika matawi unavyotaka mradi usifunge duara, na zinafika mita 300. Sharti ni kwamba ganda la waya liwe la kiwango kilekile cha umeme wa nyumbani. Ukiona mtu anakuja na waya wa simu au wa mtandao wa kompyuta ili abane matumizi, msimamishe hapohapo. Volti za laini ni ndogo, kama 16 hivi, lakini ndani ya draiva hakuna utengano wa kutosha na umeme mkubwa kiasi cha kuuhesabu kuwa salama kushikwa.

Sasa tuje kwenye hiyo asilimia 70, maana nadhani ndiyo iliyokuvutia.

Chukua ghorofa ya ofisi. Tuseme ina paneli 60 za wati 36, zote zikiwaka saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni wati 2,160, uniti 21.6 kwa siku, kama uniti 560 kwa mwezi. Nikiweka shilingi 300 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi (wewe weka bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU), ghorofa nzima inatumia kama shilingi 168,000 kwa mwezi kwa ajili ya taa. Hata mfumo ukiokoa asilimia 40, ambayo kwa ofisi zenye madirisha makubwa si ndoto, ni shilingi 67,000 hivi. Na hiyo fedha inaingia mfuko wa nani? Kama kila mpangaji ana mita yake, anayeokoa ni yeye. Wewe umelipia mfumo, yeye anakula faida.

Ahadi za asilimia 70 zilikuwa na mashiko enzi za taa ndefu za fluoreseni zilizokuwa zikiachwa zinawaka usiku kucha. LED yenyewe imeshakula sehemu kubwa ya akiba hiyo kabla mfumo haujafungwa. Halafu angalia juu ya dirisha: kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 kikifanya kazi sawasawa kinavuta takriban kilowati moja, sawa na paneli karibu 30 kwa pamoja. Kwa joto letu la kuanzia Novemba, bili ya jengo inaamuliwa na viyoyozi na vivuli vya madirisha. Mtu akikuuzia mfumo wa taa kwa hoja ya bili peke yake, hajapiga hesabu au anategemea wewe hujapiga.

DALI inalipa mahali ambapo matumizi ya chumba yanabadilika, na hapo ndipo ukumbi wako unapoingia. Asubuhi kuna semina: projekta mbele, kwa hiyo safu ya taa iliyo juu ya skrini izimwe, katikati pabaki mwanga wa kuandikia, nyuma pafifie kidogo. Jioni ya siku hiyohiyo kuna harusi: jukwaa liwake lote, meza za wageni zishuke hadi robo, njia ya kuingilia maharusi iwe na mwanga wake. Kwa swichi za kawaida utahitaji ukuta wenye swichi ishirini, na kila MC atakayekuja atabonyeza zote kabla hajaipata anayoitaka. Kwa DALI unaweka kibodi kimoja mlangoni na kingine karibu na jukwaa, vyenye vitufe vinne au vitano: semina, projekta, sherehe, usafi, zima. Basi. Na kama siku moja utaweka ukuta wa kukunja ili ukodishe nusu mbili kwa watu wawili, taa zinagawanywa upya kwenye programu bila mtu kupanda juu ya dari.

Ofisini hoja ni hiyohiyo, ila inasubiri. Mji wetu unajua wapangaji wa kuja na kuondoka. Kampuni inachukua ghorofa nzima, ikimaliza shughuli yake inaondoka, anayefuata anataka vyumba vitano na korido katikati. Kila ukuta wa jipsamu unaohamishwa unaacha swichi upande usio wake na taa mbili zilizogawanywa na ukuta. Kama nyaya mbili za DALI zipo tayari juu ya kila taa, mpangaji anayetaka mfumo unabadilisha draiva zake na kuweka vitufe anapopataka. Asiyetaka anatumia swichi ya kawaida, na nyaya mbili zinabaki zimefungwa vizuri kwenye boksi, hazidhuru kitu. Kupitisha nyaya hizo sasa, dari ikiwa wazi, ni gharama ndogo. Kuzipitisha baada ya jipsamu na rangi ni kubomoa. Chagua rangi mbili za waya ambazo hazitumiki kwingine kokote ndani ya jengo, na zisibadilishwe hata zikiadimika dukani katikati ya kazi.

Maduka usiyaguse. Kila duka lina LUKU yake, mwenye duka anafungua na kufunga kwa saa zake, na atabadilisha taa anavyopenda bila kukuuliza. Kumuingiza kwenye mfumo wa pamoja ni kujitafutia simu za saa mbili usiku.

Korido, ngazi na vyoo ndizo taa unazolipia wewe na ambazo hakuna anayezizima. Hapo akiba ni ya kweli, lakini haihitaji DALI. Sensa ya kujitegemea inayokata umeme wa taa mbili tatu inatosha, na fundi wako anaweza kuifunga kesho. Kuwa makini na aina. Sensa zinazohisi joto la mwili zinafanya kazi kwa kuona tofauti kati ya joto la mtu na la vitu vinavyomzunguka. Kwenye korido isiyo na kiyoyozi mchana wa Desemba, tofauti hiyo inapungua na sensa inakuwa nzito kumwona mtu. Ipange karibu zaidi na njia kuliko karatasi yake inavyosema. Zile za mawimbi ya redio hazijali joto, lakini zinaona kila kinachotembea, na pangaboi linatembea. Chumba chenye pangaboi na sensa ya aina hiyo hakizimi taa hadi mtu azime pangaboi. Pia zinaona kupitia ukuta wa jipsamu, kwa hiyo taa ya choo itawaka kwa sababu kuna mtu anapita koridoni.

Nirudi kwa fundi wako, maana hofu yake si ya bure. Taa moja ikifa kwenye DALI, zilizobaki zinaendelea kama kawaida. Draiva iliyokufa inanyamaza tu. Kinachoweza kuathiri laini nzima ni shoti kati ya zile nyaya mbili, au pawa saplai ya laini, yaani kifaa kinachozipa nyaya hizo volti zake, kufa. Na hapo kinachotokea ni kinyume cha giza. Draiva inapokosa volti kwenye laini ya amri inakwenda kwenye kiwango cha dharura kilichowekwa ndani yake, na kutoka kiwandani kiwango hicho ni mwanga wote. Kwa hiyo utaingia ukumbini ukute taa zote zinawaka kwa nguvu na vitufe vya ukutani havisikii. Inaudhi, lakini harusi inaendelea, na ukitaka kuzima unatumia breka.

Na kulitafuta kosa hilo hakuhitaji mtu wa Dar. Fundi mwenye mita ya kawaida apime volti za DC kwenye pawa saplai ya laini. Akikuta kama 16, laini ni nzima na tatizo liko kwenye kidhibiti (kifaa kinachotuma amri kwa draiva) au vitufe. Akikuta sifuri au karibu na sifuri, achomoe nyaya za laini kutoka kwenye pawa saplai na apime tena. Volti zikirudi, pawa saplai ni nzima na shoti iko huko juu darini. Agawe laini nusu kwa nusu, achomoe, apime, hadi abaki na kipande kimoja. Zisiporudi, pawa saplai imekufa. Mara nyingi shoti hukutwa mahali ambapo mtu ameshika kitu hivi karibuni: paneli iliyobadilishwa, kiyoyozi kilichofungwa, parafujo ya jipsamu iliyopita kwenye waya. Kosa baya zaidi ni fundi aliyezoea taa za kawaida kuona matundu mawili kwenye draiva yaliyoandikwa DA, akadhani ni ya laivu na nyutro. Umeme mkubwa ukiingia kwenye laini unaweza kuua vifaa vingi kwa mpigo. Mfundishe hilo kabla ya jambo jingine lolote. Na asiongeze pawa saplai ya pili kwa wazo la kuongeza nguvu: mkondo wa laini moja hautakiwi kuzidi miliampia 250.

Ambapo fundi wako yuko sahihi kabisa ni kwenye kubadilisha draiva. Draiva mpya haina anwani, wala haijui kundi lake. Itawaka kwa nguvu zote muda wote hadi ipewe namba ya ile iliyokufa. Vidhibiti vingine vinaweza kuitambua peke yake kama ni moja tu iliyopotea, vingine vinahitaji kompyuta na programu. Hapa ndipo wenye majengo wengi wanapofungwa, kwa sababu siku ya kukabidhiwa hawakuomba wanachopaswa kupewa.

Siku ya kupanga mfumo nakushauri uwepo ukumbini mwenyewe. Kidhibiti kinazipa draiva namba kwa bahati nasibu, kwa hiyo namba 0 inaweza kuwa kona ya choo na namba 1 ikawa juu ya jukwaa. Mtaalamu anayepanga mfumo anakaa na kompyuta, anaamuru namba mojamoja ipepese, msaidizi anatembea chini yake akiitafuta na kuita, "Safu ya pili, ya tatu kutoka dirishani." Inaandikwa kwenye ramani. Inayofuata. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo maana wengine huiruka na kutengeneza makundi kwa kubahatisha, halafu wanaondoka na kompyuta yao. Ramani hiyo yenye namba ndiyo mali yako. Ibandike nakala moja ndani ya mlango wa kabati la umeme na nyingine iweke ofisini. Dai pia faili ya mipangilio yote kwenye flashi, nenosiri la mfumo likiwa kwa jina la jengo badala ya la kampuni, na programu ya kuifungulia ikiwa imewekwa kwenye kompyuta yako. Iandikwe kwenye mkataba kwamba asilimia ya malipo inabaki hadi vitu hivyo vikabidhiwe na fundi wako abadilishe draiva moja mbele yao, aipe anwani mwenyewe bila kushikwa mkono. Dar ni zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Unalipia usafiri wao mara moja. Ya pili isiwe ya kuja kubonyeza vitufe vitatu.

Kuhusu vifaa, uliza neno moja: DALI-2. DALI ya kwanza ilisanifisha draiva, lakini vitufe na sensa kila kiwanda kilitengeneza kivyake, ukanunua kitufe cha huyu na kidhibiti cha yule visielewane. Toleo la pili, lililo chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 62386, limeingiza vitufe na sensa ndani ya kanuni hizohizo, na bidhaa zilizofaulu majaribio zimeorodheshwa hadharani kwenye tovuti ya DALI Alliance, umoja wa viwanda unaosimamia majaribio hayo. Chukua namba ya modeli kutoka kwenye makadirio, itafute pale. Kama makadirio yako hayana namba za modeli, yana mstari mmoja tu unaosema "mfumo wa kisasa wa taa" na tarakimu ndefu mbele yake, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Rudisha, na uagize bei ichambuliwe: draiva, nyaya, pawa saplai, vidhibiti, vitufe, siku za kupanga mfumo, safari.

Umeme wetu nao una tabia zake. Unaporudi baada ya kukatika huweza kupanda ghafla, na draiva za LED haziupendi mchezo huo. Kifaa cha kumeza umeme wa ghafla kwenye kila kabati la usambazaji si anasa. Jambo la pili ni kwamba draiva zote zikiwaka kwa wakati mmoja, mfano jenereta inapopokea, kila moja inavuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na breka inaanguka ingawa mzigo wenyewe ni mdogo. Fundi asiongeze ukubwa wa breka. Agawe taa kwenye breka zaidi na atumie za aina ya C, zinazovumilia mvuto huo wa ghafla. Pia mwambie mpangaji wa mfumo aweke kiwango cha kuwaka baada ya umeme kurudi, kwa sababu bila kuguswa draiva zitarudi na mwanga wote, hata kama ni saa nane usiku na ukumbi mtupu.

Taa za njia ya kutokea zisitegemee mfumo huu kwa lolote. Ziwe na betri zake, ziwake umeme ukikatika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija kukagua watazima umeme na kuangalia kinachobaki, hawatauliza una vitufe vingapi.

Chumvi ya bahari nayo isisahaulike. Kwenye baraza na upande unaopokea upepo, taa ziwe za IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, na draiva zikae ndani, maana viungio vya shaba vilivyo wazi hupata kutu ya kijani, na laini ya amri haivumilii kiungio kibovu kama umeme mkubwa unavyovumilia. Muunganiko unaolegea kwenye taa ya kawaida unapepesa. Kwenye DALI taa inapokea amri leo, kesho haisikii, na utamlaumu kila mtu isipokuwa kutu.

Huenda mkandarasi akakupa njia ya tatu, ya Bluetooth isiyo na nyaya za amri. Kwa jengo lililokwisha ningeifikiria. Kwako, dari ikiwa wazi, sioni sababu: kuta na sakafu za zege hupunguza mawimbi, na mara nyingi mfumo mzima unashikiliwa na akaunti iliyo kwenye simu ya mtu aliyeufunga.

Kabla jipsamu haijapandishwa, piga picha kila boksi la viungio darini likiwa wazi, na picha ionyeshe ukuta au dirisha la karibu ili ijulikane ni wapi. Kisha waweke pawa saplai ya laini ya ukumbi na mzigo wake, wapime volti mwanzoni na kwenye taa ya mwisho kabisa. Tofauti ikizidi volti 2, nyaya ni ndefu au nyembamba kupita kiasi, na laini igawanywe kabla fundi wa jipsamu hajapanda ngazi.